Waya Iliyovuka Kijito Hadi kwa Susu Kalekye

Nianze na waliokuwepo, nisije nikaambiwa nimemsahau mtu. Alikuwepo baba yangu, Ndambuki, aliyekuwa amefanya kazi ya waya za simu jeshini na akarudi nyumbani na ufundi huo pamoja na kikohozi. Alikuwepo mama yangu, Mbithe. Alikuwepo mama yake Mbithe, Kalekye, ambaye nilimwita Susu kama Wakamba wote wanavyoita nyanya zao. Alikuwepo Nzioka seremala, binamu ya baba kwa upande wa mama yake. Alikuwepo Kilonzo, rika la baba, walioingia jandoni siku moja, na kwa sababu hiyo alikuwa na ruhusa ya kumtania baba mpaka baba atafute pa kuficha uso. Na mimi Mwikali, kifungua mimba wa nyumba hiyo, meno ya mbele yakiwa yameng'oka. Ambaye hakuwepo ni mjomba Muthama, mtoto wa kiume wa pekee wa Susu. Kutokuwepo kwake ndiko kulikoleta mambo yote.

Kilichonikumbusha ni harufu. Mimi siku hizi niko Migwani, nilikoolewa, na nyumba zetu hapa ni tatu kwa ua mmoja. Intaneti ilikuwa inaingia kwa nyumba ya mwanangu Musyoka peke yake, na jioni ungewakuta watoto wote wamejipanga kwa ukuta wake, simu mkononi, kama mbuzi waliopata jiwe la chumvi. Juzi mjukuu wangu Mwende akaja kutoka Kitui mjini na katoni ya vifaa, akasema hii aibu ya ukutani inaisha leo. Akavuta kebo chini ya paa kutoka kwa Musyoka mpaka kwangu, akaweka kisanduku chenye taa za kijani juu ya kabati langu la vikombe, na kando yake kingine cheusi, ambacho aliniambia kimebeba picha zetu zote, za harusi na za matanga, na kwamba mtu akiwa nyumba yoyote kati ya hizo tatu anaweza kuzifungua.

Nikamuuliza, "Na nikiwa jikoni?"

"Hata kwa choo, Susu."

"Kwa choo niangalie matanga ya nani?"

Basi waya ya stima ya kile kisanduku ikawa fupi, haifiki kwa soketi. Mwende akaamua kuiunga. Hakuwa na kifaa cha kumenya ganda, akaliwashia kiberiti, likalainika, akalivuta kwa meno kama mtu anayekula muwa. Moshi mdogo mweusi ukapanda. Nikakaa chini.

"Susu, mbona umenyamaza? Moshi umekuumiza? Ngoja nifungue dirisha."

Nikamwambia, "Usifungue. Acha kwanza."

Maana kwa harufu ile nilikuwa nimeshafika Nunguni, nilikokulia.

Wanaojua Nunguni wanajua baridi yake. Ukungu ulikuwa unashuka mapema, unaingia kwa miti ya muwati, unakaa hapo mpaka watu wamalize kukama ng'ombe. Nyumba yetu ilikuwa upande huu wa bonde, na nyumba ya Susu Kalekye upande ule, na katikati kijito chembamba ambacho mtoto angeweza kukiruka akijitahidi. Nikisimama mlangoni kwetu niliona moshi wa jiko lake. Mama akiita kwa nguvu, Susu alisikia. Lakini baba na Susu, ingawa walikuwa karibu hivyo, hawakuwahi kukaa mahali pamoja. Vijana wa leo hawaelewi jambo hili mpaka uwaeleze. Mtu na mama mkwe wake walikuwa na nthoni, ile haya ya wakwe. Hawaangaliani usoni. Hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani, anageuza mgongo mpaka mwenzake apite. Susu hakutaja hata jina la baba. Alikuwa akiniambia "yule mtu wa kwenu," na mimi nilikuwa nikifikiri ni cheo, kama chifu.

Sasa baba alikuwa na redio. Ilikuwa kubwa, ya mbao, na betri yake nzito kama tofali, na ukiiwasha inakaa kimya kwanza kama mtu anayekohoa moyoni kabla ya kuhutubia. Jumamosi jioni kulikuwa na saa ya Kikamba, na ndani ya hiyo saa walisoma salamu: fulani aliye Mombasa bandarini anasalimu watu wa kwao, fulani aliye reli, fulani aliye jeshi. Wanaume wa kwetu walikuja kusikiliza, Kilonzo mbele yao, wakikalia magogo kwa mlango. Mimi niliamini hao wanaosalimu wamepanga foleni ndani ya ile mbao, kila mmoja akisubiri zamu yake kwa adabu. Nilikuwa nachungulia nyuma ya redio nione mwisho wa foleni.

Na mjomba Muthama alikuwa ameondoka. Alienda kutafuta kazi upande wa pwani, na hakuandika, kwa sababu hakujua kuandika, na wale waliorudi kutoka huko hawakuwa wamemwona. Susu hakulia. Alifanya jambo moja tu: kila Jumamosi alinituma kwetu. "Nenda kwa yule mtu wa kwenu usikilize majina. Uyalete yote. Usiniletee ya Muthama peke yake, niletee yote, ndio nijue hukulala."

Ndivyo nilivyojifunza kushika majina. Watu huniuliza inakuwaje mzee ambaye aliishia darasa la tatu anakumbuka jina la kila mtu aliyewahi kula kwake. Ni kwa hiyo kazi. Nilikuwa nakaa chini ya meza, magoti kwa kidevu, nayameza: Mulwa, Ndeto, Kivuva na mkewe, Mutinda wa pikipiki. Kisha nakimbia, naruka kijito, nafika kwa Susu nikihema, naanza kuyatoa kama mtu anayemwaga maharagwe kwa uteo. Susu alikuwa anasikiliza macho yamefungwa. Nikimaliza anauliza, "Ni hao tu?"

"Ni hao tu, Susu."

"Labda ulipiga chafya moja ikapita."

"Sikupiga chafya."

"Labda ulikuwa unavuka kijito na wao wanaendelea kusoma."

Hapo nikaangalia miguu yangu, maana huenda kweli niliondoka mapema. Na hilo ndilo lilikuwa linamkula. Mwanawe angeweza kutajwa, na yeye akakosa kusikia, kwa sababu ya miguu ya mtoto. Alitaka kusikia kwa masikio yake, na masikio yake hayangeweza kukaa nyumba moja na mkwe wake.

Mama ndiye alimwambia baba. Nilikuwa nimejilaza, nao wakadhani nimesinzia. Mama alisema, "Mama yangu anazeeka akisikiliza mdomo wa mtoto."  Asubuhi baba akaenda Machakos, akarudi na furushi la waya nyeusi ya jeshi, mitumba ya Mhindi wa vyuma, na spika moja kuukuu. Akakaa kwa jiwe akaanza kuunga. Alikuwa anachoma ganda kwa kijinga cha moto, analivuta kwa meno, anasokota, na ile harufu ya mpira na kitambaa kilichoungua ikajaa uani. Mpaka leo, kwangu mimi, hiyo ndiyo harufu ya mtu anayefikiria mwingine.

Nzioka akatengeneza kisanduku cha kuweka spika. Kilonzo akaja kuona.

"Ndambuki, hii yote inaenda wapi?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo kwa nani?"

Baba akaendelea kusokota.

Kilonzo akapiga makofi. "Haki ya Mungu! Unataka kuingia kwa mama mkwe wako kwa mlango wa waya! Tutakutoza mbuzi, na mimi nitachagua yule mnono."

"Waya haina macho," baba akasema.

"Lakini hii yako ina mdomo. Itaongea kwake usiku. Mama mkwe amelala, na sauti inatoka nyumbani kwa mkwe inamwambia bei ya pamba. Nthoni itabaki wapi?"

Watu walicheka, lakini baba hakucheka, kwa sababu Kilonzo alikuwa amesema lile alilokuwa analiogopa. Akaniita. "Mwikali, nenda ukamuulize Susu kama anakubali. Usiseme nimesema mimi. Sema waya inauliza."

Nikaenda nikasema waya inauliza. Susu alikuwa anapepeta mtama. Akapepeta kwa muda, kisha akatoa hukumu yake, na sikuwahi kusikia wazee wa baraza wakitoa iliyo safi kama hiyo. "Mwambie yule mtu wa kwenu hiyo waya isiingie ninapolala. Iingie kwa ghala. Ghalani hakuna aibu, kuna mahindi tu. Na aje kuifunga nikiwa shambani."

Siku ya kufunga baba alivaa shati safi, ambalo ni jambo la ajabu kwa mtu anayeenda kupanda miti. Alivuta waya kutoka dirisha letu, akaipitisha kwa muwati mmoja mpaka mwingine, ikavuka kijito, ikapanda upande ule. Mama na Nzioka waliingia ghalani na kisanduku. Baba hakuingia hata kwa ua. Alibaki nje ya boma juu ya muwati wa mwisho, amegeuzia nyumba mgongo, anapiga kelele akiwa ameelekea bondeni.

"Mama Mwikali! Umeshika ile yenye fundo?"

"Nimeshika!"

"Ifunge kwa msumari wa kushoto!"

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Mimi sikuoni! Nitajuaje kushoto kwako?"

"Basi geuka uangalie!"

"Mbithe, unataka nife?"

Tulikuwa bado tunacheka Susu alipotokea. Mvua ya manyunyu ilimrudisha mapema, na mzigo wa kuni mgongoni. Akafika chini ya ule muwati kabisa ndipo akaona buti za jeshi zikining'inia juu ya kichwa chake. Akasimama. Baba naye juu akaganda, akakumbatia ule mti na kuficha uso kwa gome. Hakukuwa na kichaka cha kuingilia. Mama alitoka ghalani akashika mdomo. Nzioka akajifanya anatafuta msumari chini.

Susu aliangalia mbele, kama mtu aliyeona mvua inakuja kwa mbali, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwikali. Naona kuna ndege mkubwa ametua kwa mti wangu. Mwambie amalize kujenga, mimi naenda kwa kijito kunawa miguu. Nitanawa polepole."

Akatua kuni, akaenda. Na kweli alinawa polepole. Nilimwona huko chini ameketi kwa jiwe, mabega yanatikisika, na nilidhani analia. Kumbe alikuwa anacheka mpaka amelowa machozi.

Ile spika ilipoongea mara ya kwanza, Susu hakuingia ghalani. Alisimama nje akakohoa, kama mtu anavyokohoa kumjulisha mkwe kwamba anapita. Akangoja kidogo. Kisha akaingia, akakaa kwa kigoda, akakipa kile kisanduku mgongo. Na ikawa hivyo siku zote. Anakohoa, anaingia, anageuza mgongo, anasikiliza. Akimaliza anakifunika kwa leso. Watu wakamwambia, "Kalekye, hicho ni kibao na sumaku tu," naye akajibu, "Najua. Lakini kinatoka kwa nani?"

Mimi nilielewa jambo hilo kwa namna yangu. Niliona kama sauti ya kwetu inafika kwake, basi kila kinachosemwa kwetu mbele ya redio kinafika pia. Siku moja Kilonzo alikuwa anamtania baba kuhusu yale maisha ya juu ya mti, na baba akafungua mdomo amjibu jambo fulani kuhusu mama mkwe. Nikaruka kutoka chini ya meza. "Baba! Susu anasikia!"

Baba alifunga mdomo mpaka meno yakagongana. Kisha akaangalia ile waya inayotoka dirishani, akaiangalia kwa muda, na nikaona shaka imemwingia, yeye fundi mwenyewe. Toka siku hiyo hakukuwa na neno baya nyumbani kwetu Jumamosi jioni. Mama aligundua akalitumia. Baba akianza kupandisha sauti kuhusu chumvi ya mboga, mama anasogea karibu na redio, anakaa hapo tu, anashona.

Pia nilikuwa nawatupia mawe ndege waliokaa kwa waya. Niliogopa watakunywa majina.

Shida ikawa betri. Ukigawia spika mbili nguvu ya moja, na waya yenyewe ni ndefu hivyo, kila moja inapata kidogo. Juzi Mwende alisema vivyo hivyo, kwamba watu wakiwa wengi kwa laini moja inakuwa nzito, nikamwambia najua, akacheka akidhani natania. Baba alianika betri juani mchana kutwa, kwa mkeka, kama mtu anayeanika mihogo, na ilipata nguvu kidogo. Lakini Jumamosi moja ilifika ambapo hata jua halikusaidia. Magogo kwa mlango yalikuwa yamejaa, Kilonzo ameketi mbele, na redio ilipowashwa sauti ilikuwa kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Tulisikia ni saa ya Kikamba. Maneno yenyewe hatukuyapata.

Kilonzo akasema, "Kata hiyo ya ng'ambo. Sisi ni wengi, yeye ni mmoja."

Hata Nzioka akatingisha kichwa kukubali. Ilikuwa haki kwa hesabu.  Mama alishika tu sindano bila kushona.

Baba akaenda nyuma ya redio. Nilikuwa chini ya meza, niliona mikono yake. Alishika waya ya Susu, akaiachilia. Akashika waya ya spika yetu, ile ya ndani ya redio, akaikwanyua.

Nyumba ikanyamaza kabisa.

"Umefanya nini?" Kilonzo akauliza.

"Nimekata."

"Umekata yetu!"

"Nimekata."

"Ndambuki, mimi nimepanda huu mlima wote nije kuangalia ukuta?"

Baba akakaa. "Angalia. Ni ukuta mzuri, niliujenga mwenyewe."

Wengine waliondoka wakinung'unika. Kilonzo hakuondoka, kwa kuwa alikuwa rafiki wa kweli, na rafiki wa kweli anabaki ili apate nafasi ya kulalamika zaidi. Tukakaa sisi watano, wakubwa wanne na mimi, mbele ya redio inayowaka na haisemi. Taa yake ndogo ya njano ilikuwa inaonyesha uso wa mama. Maneno yalikuwa yanatoka hapo mbele yetu, yanapita juu ya kichwa changu, yanaenda dirishani, yanavuka kijito, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua ni nini. Kwa mara ya kwanza nilikuwa sina jina hata moja la kubeba. Tukatoka nje, tukasimama tukiangalia ng'ambo. Giza lilikuwa bado halijashika vizuri. Ghala lilionekana kama kofia kwa ukungu.

Tulingoja. Mama alikuwa ameshika bega langu, na kadiri tulivyongoja ndivyo alivyolibana, mpaka nikataka kumwambia anaumiza nikaogopa.

Halafu kigelegele. Kimoja, kirefu, cha mtu mzee, kilichoanza kikavunjika katikati na kuanza tena. Mama aliniachilia. Aliteremka bondeni na viatu vya nyumbani, na mimi nyuma yake, tukapita kijito bila hata kuruka, maji mpaka magotini.

Susu alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala, leso begani. "Ametajwa. Muthama. Amesema anamsalimu mama yake, na yeye ni mzima, asiwe na wasiwasi. Nimesikia na haya masikio." Akayashika yote mawili. Kisha akaniangalia, akaanza kunitolea wengine, bila haraka, mmoja mmoja: Musau wa reli, Nthenge na ndugu zake, Kimeu, Wambua aliyepata mtoto. Yote. Ili nijue hakulala.

Tuliporudi Kilonzo alikuwa na maneno. "Ni mama mzee. Amesikia anachotaka kusikia. Ameota."

Baba akamuuliza, "Wewe ulisikia nini?"

"Ningesikiaje, na wewe ulikata?"

"Basi aliyesikia ameshasema."

Na hapo ndipo habari iliisha, maana hakukuwa na shahidi mwingine Nunguni nzima, na baba alihakikisha hivyo kwa mkono wake mwenyewe. Susu akaanza kula vizuri. Alipanda mahindi ya Muthama kwa kipande cha shamba cha Muthama. Alimtafutia mchumba, akaanza hata kugombana na mama wa huyo mchumba kuhusu mbuzi. Betri ilikufa mvua zilipoanza, baba akanunua nyingine baada ya mavuno, na Susu akarudi kwa kigoda chake, lakini sasa alikuwa anasikiliza kwa ajili ya akina mama wengine. Akisikia jina la mtu wa karibu anatuma habari: mwambieni Mama Nthenge mtoto wake ametajwa.

Mjomba Muthama alirudi. Mavuno yalikuwa yamepita mara mbili toka ile jioni. Alitokea tu kwa njia ya kijito, mwembamba, suruali ya kaki, sanduku la bati kichwani. Susu alimshika uso kwa mikono miwili, akamkalisha, akampa uji, na neno la kwanza alilomwambia lilikuwa, "Asante kwa salamu."

Mjomba alikuwa na kibuyu mdomoni. Akaangalia juu ya ukingo wake, akatuangalia sisi sote mmoja mmoja, akaona uso wa mama. Akameza. "Nilijua utasikia, mama," akasema.

Baba alikuwa anamngoja kwa kijito, kwani hakuweza kuja uani. Mimi nilimsindikiza mjomba kumwonyesha mahali mawe ya kuvukia yamehamia. Walisalimiana kwa muda mrefu, kisha mjomba akashusha sauti.

"Shemeji, ni salamu gani hizo?"

"Zile za redio. Hukutuma?"

"Mimi? Hata sikujua zinatumwa wapi. Nilikuwa shamba la mkonge huko chini, hatukuwa na redio, tulikuwa na mbu."

Baba alimwangalia. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, akakaa kwa jiwe lile lile Susu alilonawia miguu, akafuta macho. Aliponyamaza hakuwa anacheka tena. Akatuambia mjomba na mimi, "Akina Muthama ni wengi Ukambani. Mmoja alimsalimu mama yake, na mama mmoja akasikia. Hii inabaki hapa kwa kijito."

Ikabaki. Susu alikwenda kuzikwa miaka mingi baadaye akiwa na zile salamu zake, akiwasimulia wajukuu na vitukuu, na mjomba Muthama akiwa kando anatingisha kichwa kukubali, mvi tupu, kila mara. Baba naye ameenda, na mama, na mjomba mwenyewe, na Nzioka, na Kilonzo ambaye kwa mazishi ya Susu alilia kuliko watu wa damu. Nimebaki mimi, na nimeona hakuna ubaya sasa likisemwa.

Kwa hivyo nawaandikia nyinyi wa rika langu, mlio Tawa na Kilungu, Migwani na Mutito, popote redio ilipofika wakati ule. Huenda nimechanganya mahali. Labda Kimeu alitajwa kabla ya Nthenge, labda ilikuwa mvua za vuli nami nimesema manyunyu. Nirekebisheni bila kunionea haya. Lakini zaidi nauliza hili. Kama mlikuwa na ndugu au baba aitwaye Muthama, aliyekuwa mbali, na Jumamosi moja akamsalimu mama yake kwamba ni mzima asiwe na wasiwasi, na huyo mama hakusikia kwa sababu hakuwa na redio au betri yake ilikuwa imekufa, niambieni jina lake. Salamu zake zilipokelewa kwetu. Zilikaa vizuri, zililishwa, hazikupotea. Ningependa tu kujua zilikuwa za nani.